Wembe Alipopanda Ukoka

Wifi yangu hakupewa jina la Wembe kwa sababu ya ulimi, ingawa ulimi nao alikuwa nao. Alipewa na madereva wa malori kwa jinsi alivyokuwa akizinyoa kingo za barabara kuu. Yeye ndiye alikuwa nyapara wa kikosi chetu cha wanawake wafyekaji, na kipande chetu kilianzia kwenye daraja dogo kikaishia kwenye kona ya mashine ya kusaga. Ukipita kwa gari ulijua bila kuuliza kwamba umeingia kwa Wembe. Nyasi za wengine zilikatwa, za Wembe zilinyolewa. Matingo, wasaidizi wa madereva, walichomoza vichwa madirishani wakapiga kelele, "Wembe!" Naye, bila kuinua mgongo, alijibu, "Ni ule ule!" Basi siku yake ilikuwa imeshakuwa njema.

Mimi niliolewa na mdogo wake nikidhani nimepata mume, kumbe nimepata na nyapara. Wiki ile ile ya harusi alinikabidhi fyekeo, akasema mke wa mdogo wake hawezi kukaa ndani anaota kutu. Alikuwa na namna yake ya kukagua kazi. Tukimaliza, alivua viatu akatembea peku juu ya tulipofyeka, mikono nyuma, polepole. Mahali kisiki cha nyasi kilipomchoma unyayo alisimama. Hasemi neno. Anasimama tu hapo mpaka mwenye kipande chake aje arudie. Vituo vingi vilikuwa vyangu. Sisemi alinionea, lakini wifi ni wifi.

Nyumbani kwake kulikuwa vile vile. Sakafu ya saruji ilisuguliwa mpaka ikang'aa, kitanda kiliinuliwa juu ya matofali ili ufagio upite chini yake, fyekeo lilitundikwa nyuma ya mlango makali yakiwa yamefungwa kitambaa, na tupa ya kulinolea ililala dirishani. Uwanja aliufagia kabla jogoo hajaamua kuwika, na mistari ya ufagio ikabaki mchangani. Ukiikanyaga unaona haya. Mtu mmoja tu aliweza kumwaga mabaki ya vitambaa kwenye uwanja ule na akabaki salama, naye ni binti yake.

Binti huyu aligongwa na lori alipokuwa mdogo, akivuka barabara na ndoo. Nyumba zetu ziko upande huu, kisima kiko upande ule, katikati ni lami, na kwenye lami hakuna anayekusubiri. Hospitali walimuunga mguu, ukaungika vibaya, na tangu hapo akawa anatembea kwa kuegemea upande mmoja. Alijifunza cherehani, akawa anakanyaga pedali kwa mguu mzima. Mama yake alimpiga marufuku kuvuka kwenda kisimani, akaibeba kazi hiyo mwenyewe, asubuhi kabla ya kufyeka na jioni baada ya kufyeka. Mtoto akakua, akawa mwanamke mwenye wateja wake na maneno yake, lakini maji ya kuoga bado aliletewa na mama. Hilo lilimuuma kuliko mguu. Aliniambia mimi, maana mambo mengine hayaambiwi mama mzazi. "Anti," alisema, "umri huu wangu bado natekewa maji kama mtoto wa kuogeshwa. Na yule mama anazeeka mbele ya macho yangu."

Basi ndipo ikaja habari ya sola.

Ofisi ya barabara iliita mkutano kwenye uwanja wa mashine ya kusaga. Alikuja injinia kijana, kofia yake kubwa kuliko kichwa, akatueleza kwamba ile ardhi ya kando ya barabara, ambayo hakuna anayeruhusiwa kuilima wala kuijenga, itawekwa paneli za sola. Umeme wake utaendesha pampu pale kisimani, maji yapite kwenye bomba ndani ya kalavati, chini ya barabara, yapande kwenye tangi upande wetu. Safu ya kwanza ilikuwa ya majaribio. Ikilijaza tangi hata wakati wa kiangazi, safu itabaki na nyingine zitaongezwa mpaka kwenye daraja, na taa ziwekwe pale watu wanapovukia. Ikishindwa, paneli zitang'olewa zipelekwe kipande kingine cha barabara, na sisi tutabaki na ndoo zetu.

Watu walipinga, wacha wapinge. Mmoja alisema vioo vitawapofusha madereva. Bibi mmoja akasema vitaita radi. Mume wangu, ambaye magunia yake ya mkaa yalisimama pale pale panapotakiwa, aliinuka akiwa na uso wa mtu aliyefiwa. "Dada," akamwambia Wembe mbele ya watu, "na mkaa wangu je?"

"Mkaa wako una miguu yako," Wembe akajibu. "Uhamishe."

Watu wakacheka, na wakati bado wanacheka yeye akasimama. Hakuwa mtu wa hotuba. Alisema hivi, nakumbuka kila neno. "Ardhi hii nimeifyeka tangu sijaota mvi. Zinaota, nakata. Zinaota, nakata. Haijanipa hata fungu la mchicha. Jua linaipiga kutwa bure, na mimi linanipiga mgongoni bure. Leo mtu anasema jua hilo hilo litatuletea maji upande huu, nanyi mnaogopa kioo? Kioo hakijamvunja mguu mwanangu."

Injinia alivua ile kofia. Baada ya hapo Wembe alipita nyumba kwa nyumba jioni, akiwa bado na majani kwenye nywele, akazungumza na kila aliyekuwa na shaka. Kwa yule bibi wa radi alienda mara nyingi, na mara ya mwisho alimpeleka kwa mkono mpaka kwenye duka la simu lenye paneli juu ya paa, akamwonyesha kwamba mwenye duka bado yu hai na bado anawapunja watu. Bibi akaridhika. Mume wangu alihamisha mkaa akinung'unika, na usiku aliniuliza kama nadhani dada yake anampenda. Nilimwambia swali hilo nami nimekuwa nikijiuliza kwa upande wangu.

Paneli zikaja. Zilisimamishwa kwenye miguu ya chuma, ukingo wa chini ukinifika kiunoni, zimeinamia jua kwa adabu. Sasa nisimulie kosa letu, maana nikilipamba nitakuwa mwongo.

Kwetu sisi mahali pa heshima hapana nyasi. Uwanja wa mtu aliyelelewa vizuri ni udongo mtupu uliofagiliwa, na nyasi zikiota mlangoni watu huuliza kama mwenye nyumba ni mgonjwa. Kwa hiyo Wembe alipoziona zile paneli alituambia fyekeo peke yake halitoshi, tulete majembe. Tukakwangua. Tuling'oa mizizi, tukang'oa ukoka kamba kwa kamba, na tulipomaliza alitugawia fagio, tukaufagia ukingo wa barabara kuu kama tunasubiri wakwe. Pale mwisho tu, kando ya kalavati, kulikuwa na kiota cha nyigu, na hakuna aliyethubutu kupaingia, hata yeye. Paneli ya mwisho ikabaki na nyasi zake.

Injinia alipotukuta alimwendea kwa sauti ya mtoto aliyetumwa kuomba chumvi. "Mama, chini ya paneli si lazima pawe peupe. Mkiacha nyasi fupi ingekuwa..."

"Mwanangu," Wembe akamkata, "kwenu mgeni akija mnamlaza kichakani?"

Tulicheka mpaka fagio zikatuponyoka. Injinia naye akacheka, akairekebisha kofia, akasema sawa mama. Hapo na yeye alikosea. Mtu haachi neno lake la kweli kwa sababu wanawake wamecheka.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Bomba lilipofunguliwa mara ya kwanza upande wetu vigelegele vilipigwa mpaka malori yakapunguza mwendo. Binti wa Wembe alichota ndoo yake mwenyewe, akairudisha nyumbani kwa ule mwendo wake wa kuegemea, nusu ikamwagika njiani, na hakuna aliyediriki kumsaidia kwa jinsi uso wake ulivyokuwa. Mama yake alisimama mlangoni akijifanya anatafuta kitu kwenye kanga. Nilimwona. Lakini kabla hajaizoea furaha ile, kiangazi kikaingia.

Kila lori lililopita lilivuta upepo, na upepo ulikuta udongo wetu uliofagiliwa, laini kama unga, haukushikwa na kitu chochote. Ukapanda. Ukatua kwenye paneli. Ikifika saa nne asubuhi zilikuwa na rangi ya chapati, na maji bombani yakawa uzi, kisha matone, kisha ahadi. Ndoo zikarudi barabarani.

Wembe akaamuru tuzioshe. Injinia alikataza kufuta kwa kitambaa kikavu kwa sababu mchanga unakwaruza kioo, kwa hiyo yalitakiwa maji, na maji yako wapi? Ng'ambo. Sasa fikiri mwenyewe. Tulivuka barabara kwenda kuteka maji ya kuoshea paneli zinazoleta maji ili tusivuke barabara! Nilimwambia mwenzangu mmoja kwamba kuna methali inayohusu kuchamba kwingi, naye akasema anaijua, na akaniomba nisiimalizie maana nyapara yuko karibu. Tulikuwa tunaosha asubuhi, tukifika mwisho wa safu mwanzo umeshachafuka. Wembe aliongeza kufagia ili kupunguza vumbi. Kila alivyofagia, likazidi.

Siku moja mchana tulikuwa kwenye kuosha, Wembe amepanda juu ya kigoda na tambara mkononi, nikamwona ameganda. Nikafuata macho yake. Binti yake alikuwa amesimama kwenye ukingo wa lami na ndoo, akisubiri nafasi. Lori la saruji lilipita likipiga honi na kanga yake ikapepea yote upande mmoja. Akajiandaa kuvuka.

Sijawahi kumwona mtu wa umri ule akikimbia vile. Tambara lilianguka kwake, kigoda kikaanguka kwangu. Alimkamata mkono, akamvuta mpaka wote wawili wakakaa chini kwenye vumbi.

"Umekuwa kichaa?" Wembe alikuwa anahema. "Nilikwambia nini?"

"Mama, unafyeka, unaosha, unateka, unanipikia. Na mimi nina mikono," binti alisema. Hakupaza sauti. "Kama maji hayaji huku, nitayafuata kule. Mguu ukivunjika, si umeshavunjika."

Wembe alikuwa ameketi kwenye ule udongo wake, miguu imezama mpaka vifundoni, na vumbi la lori bado linashuka juu yao kama mtu anapepeta. Aliutazama mkono wake, akautazama ukingo mzima. Kisha akainuka akaanza kutembea kando ya safu, sisi nyuma yake tusijue kama tunafuata msiba au nini, akapitisha kidole kwenye kila paneli. Zote kahawia, mpaka alipofika ya mwisho, ile ya nyigu. Ilikuwa na vumbi kidogo la kawaida, na chini ya vumbi kulikuwa na buluu. Nyasi zilizosimama chini yake zilikuwa zimejaa vumbi mpaka zimeinama. Zililishika lote zenyewe.

Pale alikaa kwa muda mrefu, na nyigu wakamwacha. Nilitegemea atafute wa kumlaumu, na nilikuwa nimeshajiandaa kuwa mimi. Badala yake alivaa viatu, akajifuta uso, akaenda moja kwa moja kwenye kontena la injinia. Nilimfuata, nakiri, kwa umbea. Kijana alikuwa anakula mkate. Alipomwona aliuficha mkate.

"Mwanangu," Wembe alisema akiwa amesimama mlangoni, "siku ile ulikuwa na neno. Nilikuziba mdomo mbele ya watu. Sema tena, nasikiliza."

Injinia alimtazama kama mtu anayeogopa mtego. Halafu akasema, na safari hii akamaliza. Nyasi fupi hushika udongo, hushika vumbi, hata hupoza hewa chini ya paneli, na paneli ikipoa hufanya kazi vizuri zaidi. Wembe akauliza kuhusu moto, maana kipisi kimoja cha sigara kinatosha, nalo lilikuwa swali la haki. Kijana akasema zikiwa fupi na mbichi haziwaki kwa urahisi, na ukanda wa karibu na lami utamwagiwa kokoto. Wembe akaitikia kwa kichwa. "Na kama mvua bado haijaja, nyasi nazitoa wapi?"

"Mama, hapo sijui," kijana akasema.

"Mimi najua," Wembe akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ukoka. Uko bondeni nyuma ya kalavati, kwenye unyevu. Nimeupiga vita maisha yangu yote, najua ulipojificha."

Nani angeamini? Kesho yake kikosi kizima kilishuka bondeni na majembe, tukachimba ukoka, ule ule tulioutukana, tukaubeba kwenye karai, tukaupanda chini ya paneli kipande kwa kipande kama miche ya kitunguu. Yeye alikuwa mbele, amepiga magoti. Maji ya kuoshea paneli hatukuyaacha yaende bure tena. Yalidondoka kwenye ukingo wa chini, na tukapanda safu ya kwanza hapo hapo yanapodondokea. Ukoka haujui kuringa. Baada ya siku chache ulianza kutambaa.

Malori hayakutuhurumia. Matingo walipoona ukingo wa Wembe una manyasi walipiga kelele, "Wembe umeingia kutu!" Wengine wakauliza kama mwenye nyumba ni mgonjwa. Kila kelele ilimwingia, niliona bega lake likiruka. Hakujibu hata mara moja. Mwanamke aliyeishi kwa sifa moja tu aliivua mwenyewe, barabarani, watu wote wakitazama, akaendelea kupanda. Mimi ningeacha. Nasema ukweli, mimi ningeacha siku ya kwanza.

Ukoka ulikuwa haujafunga bado, umeweka mabaka mabaka tu, mkubwa wa ofisi ya barabara alipokuja kukagua. Alishuka garini na msimamizi wetu, akapanda ngazi ya tangi, akachungulia. Halikufika hata nusu. Akashuka, akayatazama mabaka. "Na takataka hizi ni nini?"

Msimamizi hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kupenda amani. Alisema, "Mzee, kusema kweli sola kwa barabara zetu haifai. Vumbi letu ni jingi mno." Jibu lile lilikuwa tamu. Halikumchoma mtu. Vumbi halina mshahara wala mtoto, ukilisingizia halilii. Sote tulinyamaza, na injinia akatazama viatu vyake. Mkubwa akaanza kuitikia kwa kichwa, akasema basi zitang'olewa, zipelekwe kwingine.

"Si kweli," Wembe akasema.

Mkubwa aligeuka. Wembe alikuwa ameshika fyekeo kwa mikono miwili mbele yake.

"Vumbi halikuja lenyewe. Nimelitengeneza mimi. Huyu kijana alinikataza kukwangua, nikamcheka, nikakwangua mpaka mizizi. Paneli hazina kosa, jua halina kosa. Kosa ni jembe langu. Kama unang'oa, ning'oe mimi, hizi uziache."

Akamwongoza mpaka kalavati. Mkubwa alipitisha kidole kwenye paneli ya mwisho, akapitisha kingine kwenye jirani yake, akavitazama vidole vyote viwili. Nyigu mmoja akamzungukia na heshima yake yote ikaruka hatua tatu nyuma. Hakuna aliyethubutu kucheka. Alipojipanga tena alisema paneli zitabaki mpaka kiangazi kingine, tuone. Lakini nyapara aliyekaidi agizo la injinia hawezi kubaki nyapara. Akamuuliza msimamizi nani anafuata. Msimamizi akanyoosha kidole kwangu.

Nilitamani kalavati inimeze. Wembe alivua filimbi ya unyapara shingoni mwake, akaja akanivisha. Niliogopa kumtazama, lakini nikamtazama, na sikuona kisirani hata chembe. "Usiiweke kifuani moja kwa moja," aliniambia, "inapata jasho, haitoi sauti." Kisha akaenda kusimama kwenye mstari pamoja na wengine, mahali pangu pa zamani.

Nimeishi na watu wengi wanaosifiwa kwa kutoshindwa. Mimi nimemwona mmoja aliyeshindwa na asipungue, na nasema huyo ndiye mkubwa wao. Alifyeka chini yangu bila kunung'unika. Kufyeka kwa kuacha nyasi zifike kifundoni ni kugumu kuliko kunyoa, fyekeo lazima lipite juu juu na bega linaungua, na mkono wake uliozoea udongo ulikuwa ukishuka wenyewe. Siku moja nilifika mahali alipokata chini mno. Nikasimama pale, mikono nyuma, sisemi neno. Akaja, akaona, akacheka mpaka akaketi. "Wifi," akasema, "kumbe nilikuwa mbaya hivi?" Nikamwambia alikuwa mbaya zaidi. Na tangu hapo tulipendana, ingawa mume wangu mpaka leo anasema tunapanga njama.

Mvua zikaja, ukoka ukafunga. Kiangazi kilipoingia malori yalipita na upepo wao, na upepo haukukuta cha kubeba. Paneli tuliziosha mara chache, kwa maji ya bomba la upande wetu. Asubuhi moja tulisikia maji yakianguka, tukadhani bomba limepasuka. Lilikuwa ni tangi, limejaa, linamwagika. Mkubwa alipokuja safari ile hakuuliza takataka ni za nani. Aliagiza safu nyingine mpaka kwenye daraja, na taa za pale tunapovukia, na akamwambia injinia awaandikie vipande vingine vya barabara jinsi ukoka unavyopandwa. Injinia akasema hilo mwalimu wake yupo, akamwonyesha Wembe. Walipomrudishia unyapara aliukataa. Alisema filimbi imeshanizoea.

Jioni ile ya tangi kujaa tulirudi pamoja, tumechoka, mimi nikiwa nimepita kwake kuchukua nguo yangu kwa fundi. Wembe aliweka fyekeo nyuma ya mlango, na kwa mazoea ya miaka mkono wake ukaenda kutafuta ndoo. Haikuwepo. Binti yake aliinuka kwenye cherehani, akaegemea fremu ya mlango.

"Mama, maji yako yako bafuni. Yana moto."

"Nani kayaleta?"

"Mimi."

"Na ya kwako?"

"Yangu nitayachota ukimaliza kuoga wewe."

Wembe alisimama hapo na mavumbi yake, kama mgeni aliyekosa pa kukaa. Sikumbuki mtu kumtekea maji mwanamke yule tangu nimjue. Alitaka kusema kitu, nadhani kilikuwa cha kugomba, kisha akachukua kanga na kuingia bafuni. Tulisikia maji yakimwagwa. Yakamwagwa tena. Halafu tukamsikia analia, kwa sauti, bila kujificha, na mimi uwanjani nikalia naye huku nimeshika nguo yangu ambayo haijamaliziwa pindo. Binti yake hakulia. Alichukua ndoo nyingine akaenda bombani.